Pini ya Sita

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani yenye picha ya ndege, na kabla keki haijakatwa nilikuwa nimeshagundua kwamba inachelewa. Habari za saa hiyo nitazirudia mwishoni, maana zilinitia aibu. Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili mliobaki karakana mpate pa kuanzia. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilichelewa kuliko hiyo saa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya hofu, kwa sababu hofu ndiyo niliyokuja nayo kazini kila siku bila kukosa hata moja.

Nilizaliwa mwoga. Wazazi wangu walishuka kutoka Kilimanjaro wakafungua duka la vyombo vya plastiki Kariakoo, na katika ukoo wetu binti akikataa kukaa dukani huulizwa kama anaumwa. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa duka, narudi kuutikisa mara tatu, halafu nikifika kona narudi tena. Kaka yangu Elisante alisema mtu kama mimi angefaa kulinda benki. Nikaenda kusomea ufundi wa vyombo vya ndege, na watu wakashangaa, lakini mimi niliona ni mahali ambapo kurudi kutikisa mlango kungeitwa kazi.

Wageni hawakuelewa kwa nini karakana yetu ilikuwa mtaa wa Gerezani, hapo Kariakoo, katikati ya wauza vipuri vya malori, wakati ndege zenyewe ziko uwanjani. Ni kwamba vyombo vya dashibodi ya ndege ndogo vinabebeka kwenye mkoba. Kipimo cha mwendo, kipimo cha kimo, dira: vilifunguliwa uwanjani, vikaletwa kwetu ghorofa ya pili, vikasafishwa, vikapimwa, vikarudishwa. Kazi ya usukani na nyaya zake ndiyo tuliyokuwa tunaifuata huko huko kwenye hanga, banda la kuegeshea ndege.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Hasmukh, mtoto wa fundi saa wa Kihindi aliyekuwa na kibanda mtaa wa pili. Alikuwa mwembamba, shati jeupe lenye mifuko miwili, na kila mfuko na bisibisi yake. Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameinama kwenye meza, lenzi jichoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Ndiyo, mzee."

"Nawa tena."

Niliporudi aliweka kipimo cha kimo ndani ya chombo kikubwa cha kioo, akafunga, akaanza kuvuta hewa. Mshale ukapanda. Kwa mujibu wa kile kipimo tulikuwa futi elfu tano juu ya Gerezani, na chini dirishani mtu alikuwa ananadi mikanda ya mashine. Mzee Hasmukh akagonga kioo kwa kidole mara moja, mshale ukaruka kidogo.

"Umeona? Ulikuwa umeganda."

"Sasa mzee, mimi nikikosea kuutengeneza?"

Alitoa lenzi jichoni ili aniangalie vizuri. "Ukikosea, kuna mtu atakaa mawinguni akiamini uongo wako."

Siku ile sikula mchana.

Madirisha yetu hayakufunguliwa kamwe. Vumbi la Kariakoo lina kila kitu ndani yake, unga, saruji, pilipili, na chembe moja tu inatosha kukwamisha gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Tulifanya kazi kwenye joto, tumefunga vitambaa kichwani ili jasho lisidondoke. Mkokoteni uliobeba vyuma ukipita chini, mshale wa kipimo ulitetemeka, tukasubiri upite ndipo tusome tena. Mzee Hasmukh alidai anaweza kutofautisha mkokoteni wa vyuma na wa vitunguu kwa kuangalia mshale. Sikuwahi kushuka ngazi kuhakikisha, na hilo kwangu lilikuwa jambo la ajabu.

Kitu alichokishikilia kuliko vyote ni kuhesabu. Ukutani kulikuwa na ubao ambao kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana, umbo tupu likutazame. Kila kazi ikiisha, mmoja aliita kwa sauti kila kifaa kwa jina na namba yake, na mwingine akajibu. "Bisibisi kumi na moja!" "Ipo!" "Koleo ndogo!" "Ipo!" Wauza vipuri wa chini walituuliza tunafundisha chekechea gani huko juu. Nilipokuwa mgeni niliona haya, siku moja nikahesabu kimya kimya. Mzee Hasmukh akaniita.

"Usihesabu moyoni, Anaeli. Moyo una huruma. Utakuhesabia mpaka kile ambacho hakipo."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu, na bado likaja kunipata.

Baada ya miaka kadhaa nilifundishwa kazi ya usukani. Niieleze kwa ufupi kwa wale wa ofisini watakaosoma. Rubani akivuta usukani, nyaya za chuma zinapita chini ya sakafu mpaka mkiani, huko zinavuta kiwiko cha chuma, na kiwiko kinainua kipande cha mkia kinachopandisha pua ya ndege. Nyaya hizo hulegea, kwa hiyo kuna siku za kuzikaza. Unapozikaza lazima kila kitu kisimame katikati, kisisogee hata kidogo. Tunachomeka pini za chuma kwenye matundu maalumu, tunakaza, tunapima, kisha tunachomoa pini. Zilikuwa sita, kila moja urefu wa kidole cha kati, zinakaa kwenye mkoba wa ngozi wa kukunja wenye vijumba sita. Pini ya sita ndiyo ya kiwiko cha mkiani, kule kwenye giza ambako unaingiza mkono mmoja na tochi unaishika kwa meno.

Ilikuwa mwaka ule walipokuwa wanachimba barabara ya mwendokasi na Gerezani nzima imevaa vumbi. Jumatano moja nilikaza nyaya za ndege yetu ya abiria tisa, ile ya safari za visiwani. Fundi Kibwana, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa ananijibu kwenye kuhesabu, alikuwa kwao anaumwa malaria. Watu wa ofisi ya safari walisimama mlangoni mwa hanga wanaangalia saa zao, wanaitaka ndege iwe tayari kwa alfajiri ya kesho. Nikachomoa pini, nikakunja mkoba, nikafunga mfuniko wa mkiani, nikatia sahihi. Nilihesabu. Nilihesabu moyoni.

Kesho yake nilipitia kwa Saidi, fundi wa kukereza vyuma mwenye mashine yake jirani na karakana, anisawazishie ncha ya pini ya tatu iliyokuwa imechubuka. Nilikunjua mkoba kwenye meza yake, akachukua ile pini, akaipitisha kwenye mashine, akanirudishia tukiwa tunaongea habari za vumbi. Nikapanda ngazi mpaka karakana, nikakunjua tena mkoba. Pini tano. Kijumba cha sita kitupu.

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtu mwenye hofu inavyofanya kazi. Haikwenda kwenye ndege. Ilikwenda barabarani: nimeiangusha sasa hivi, kati ya kwa Saidi na ngazi zetu, kwenye zile njia wapagazi wanapopishana na mikokoteni. Nilirudi nikiwa nimeinama, natafuta kwenye vifusi vya wachimba barabara mpaka mpagazi mmoja akaniambia, "Mama, ukipata na yangu unishtue." Sikupata kitu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba iko barabarani, hofu yangu yote ikahamia kwa Mzee Hasmukh. Nilimwogopa yeye, nikasahau kuiogopa ndege.

Nikarudi kwa Saidi na pini ya tano mkononi. "Nikerezee nyingine kama hii, ila fupi kidogo, vipimo hivi hapa. Ya sita imepotea." Hakuuliza. Alichagua kipande cha chuma kizuri, akakikereza, akaking'arisha, akakitia rangi nyekundu kichwani. Kilikuwa kizuri sana. Nikakitia kwenye kijumba cha sita, na jioni hiyo tulipohesabu kwa sauti mimi na mwenzangu mwingine, nikaita "Pini sita!" naye akajibu "Zipo!" Hakukosea. Zilikuwepo sita.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naelekea kazini. Saidi akanipungia mkono mlangoni kwake, mikono imejaa grisi.

"Mambo vipi, Mama Anaeli? Pini yangu imekaa freshi?"

"Imekaa, Saidi. Asante."

"Maana siku ile ulivyokunjua ule mkoba nikasema moyoni, huyu mama mbona kaja na tano? Ya sita kaisahau wapi? Uliporudi kusema imepotea nikajua ndo hiyo hiyo."

Nilisimama. "Saidi. Nilipokunjua mkoba hapa mara ya kwanza, kabla hujashika kitu. Zilikuwa tano?"

"Tano. Kwani vipi?"

Kama zilikuwa tano mezani kwake, basi haikuanguka barabarani. Haikufika Gerezani kabisa. Ilikuwa mkiani mwa ndege, imelala bila kushikwa na kitu, kando ya kiwiko kinachoinua na kushusha pua, na ndege hiyo ilikuwa imesharuka Alhamisi na Ijumaa. Ratiba ya Jumamosi niliijua kwa kichwa. Muda ule ilikuwa imeondoka kwenda Mafia, imejaa.

Nilikimbia. Umbali ni mfupi, lakini Kariakoo asubuhi haina njia iliyonyooka, na nakumbuka niligonga beseni la mtu la machungwa na sikuomba radhi. Kwenye zile ngazi, na hili nawaambia kwa sababu nimestaafu, nilisimama kama pumzi mbili. Nilifikiri: imeruka siku mbili salama, huenda ikarudi na leo salama, nami niende hanga niitoe kimya kimya, na hakuna atakayejua. Nilifikiri hivyo kweli. Kisha nikaona uso wa Kapteni Zuhura, rubani wa siku ile, jinsi anavyozoea kuchungulia chini ya bawa na kuniuliza, "Fundi, nikae kwa amani?" nami huwa namjibu, "Kaa." Nikapanda zilizobaki.

"Mzee, pini ya sita iko ndani ya ndege iliyokwenda Mafia."

Mzee Hasmukh aligeuka akautazama ubao, kisha mkoba. "Pini ya sita iko pale."

"Ile niliikerezesha kwa Saidi."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alinyanyua simu akawapigia watu wa safari uwanjani, nao wakaongea na Kapteni Zuhura angani. Jibu lake lilirudi kwetu kupitia simu ile ile, na Mzee Hasmukh akaniambia neno kwa neno: "Mwambieni fundi asiniombee kwanza. Aniambie pini iko upande gani."

Nikafumba macho, nikarudisha mkono wangu mkiani. Nilikuwa nimeinama upande wa kushoto. Mkono ulikuwa chini ya kiwiko, mbele yake kuna ukingo mwembamba wa bati. Kama pini iliniponyoka nilipoichomoa, iko kwenye ukingo ule, mbele ya kiwiko. Pua ya ndege ikiinuka sana, pini inabingirika kurudi nyuma, na nyuma ndiko kiwiko kilipo.

"Asiinue pua," nikasema. "Awe taratibu kwa kila kitu, ashuke kidogo kidogo, na akitua aiguse ardhi ndege ikiwa karibu bapa, hata kama ana kasi kuliko kawaida. Lami ya uwanja wa Mafia inamtosha."

Mzee Hasmukh akayasema hayo kwenye simu, akaiweka mezani bila kuikata. Halafu akasukuma mbele yangu kipimo cha kimo kilichokuwa kinasubiri kusafishwa.

"Fanya kazi."

"Mzee, nitakiharibu."

"Najua. Fanya kazi polepole."

Ilikuwa kama dakika ishirini. Sijawahi kusafisha kipimo vibaya namna ile. Chini barabarani greda lilikuwa linanguruma, na kila liliponguruma nilidhani ni simu. Niliomba kwa Kichaga, kisha kwa Kiswahili, kisha nikaanza kuhesabu abiria tisa mmoja mmoja, watu nisiowajua, nikiwapa sura za majirani zangu. Mzee Hasmukh alikuwa amesimama dirishani anatazama nje, mkono mmoja kwenye kioo kile kisichofunguliwa. Nilipomwona midomo inatembea nikajua na yeye anaomba, nikaogopa zaidi.

Simu ikasema kitu. Akaiinua, akasikiliza. "Imetua," akasema. Nikaweka kichwa mezani juu ya vitambaa vyenye mafuta, nikalia kama mtoto.

"Ukimaliza kulia, kuna ndege nyingine inakwenda huko saa sita," akasema Mzee Hasmukh. "Utaenda wewe. Aliyefunga mfuniko ndiye afungue."

Niliufungua mbele ya Kapteni Zuhura. Abiria walikuwa wameshaondoka zao, wengine wananunua madafu ng'ambo ya uwanja, hawajui kitu zaidi ya kwamba walitua kwa kasi. Niliingiza mkono na tochi. Pini ilikuwa pale, imetoka kwenye ukingo, imesogea nyuma, imebakiza upana wa vidole viwili kufika kwenye kiwiko. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Ilikuwa imeshagusana na kiwiko angalau mara moja, siku mojawapo kati ya hizo tatu, na kiwiko kikaisukuma pembeni. Kapteni Zuhura aliishika muda mrefu kiganjani.

"Fundi," akasema, "siku nyingine nikikuuliza nikae kwa amani, usiharakishe kunijibu."

Jumatatu Mzee Hasmukh aliziweka pini mbili mezani, ya kiwandani na ya Saidi. Akazipima zote kwa kipimo chake kidogo. "Hii ya Gerezani ni nzuri kuliko ya kiwandani," akasema. "Ingekuwa mbaya, tungeigundua. Uzuri wake ndio uliotaka kuua watu." Kisha akaninyang'anya ruhusa ya kutia sahihi kwa miezi sita, na akaandika ripoti yenye jina langu, ambayo nilisaidia kuisahihisha tahajia.

Katika miezi hiyo sita ndipo nilipotengeneza kile mnachokiita shanga. Sikukitengeneza kwa akili nyingi. Nilikitengeneza kwa sababu kila nikilala niliuona ule ukingo wa bati. Nilichotaka ni pini isiyoweza kupotea bila ndege yenyewe kumwambia rubani. Nilinunua begi la mitumba Mchikichini kwa ajili ya mkanda wake mwekundu tu, muuzaji akanishangaa nilivyomwachia begi. Wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili ulinasa kwenye nyaya, afadhali usingekuwepo. Wa tatu ndio mnaoutumia: mkanda mmoja mrefu unaopita chumba cha abiria, pini zote sita zimeunganishwa nao kwa waya mwembamba ambao haufunguki kwa mkono, na mwisho wake kuna kibanio kinachofungwa kwenye usukani wa rubani. Mpaka pini ya mwisho itoke mkiani, mkanda hauwezi kutoka ndani ya ndege, na mpaka mkanda utoke, rubani hawezi kukaa bila kuukalia.

Mkaguzi wa serikali alikuja kuutazama, akaomba michoro, akaomba michoro ya michoro, akaupitisha. Marubani wakacheka: "Mama kaivalisha ndege shanga!" Nikaona haya, mama mtu mzima wa kanisani, lakini jina likakaa. Kapteni Zuhura peke yake hakucheka. Kila asubuhi aliugusa.

Lakini Mzee Hasmukh hakuridhika na mkanda. "Mkanda unazuia pini," aliniambia. "Nani atakuzuia wewe?" Ndipo akaongeza ile kanuni iliyoko juu ya ubao mpaka leo, kwa mwandiko wake: nafasi tupu iachwe tupu. Kifaa kikipotea, hakuna kununua kingine, hakuna kuazima, hakuna kukereza. Umbo jeupe libaki linawatazama, na ndege haiondoki mpaka kipatikane. Alistaafu, akafariki nyumbani kwa binti yake, na lenzi yake ninayo mimi. Karakana ikahamia uwanjani pamoja na ubao. Dashibodi mpya zikaja na skrini badala ya mishale, hakuna cha kugonga kwa kidole, na nyinyi mkaja na kompyuta zenu. Nilikaa miaka yote hiyo nikiogopa kwamba kanuni ile mnaiona ni ya wazee, na siku nikitoka mlangoni mtaichukulia kama picha ya ukutani.

Sasa nirudi kwenye saa. Siku ya kuniaga, wakati meneja anahutubia, sikuweza kuvumilia kuiona inachelewa. Niliteleza mpaka kwenye ubao, nikachukua bisibisi, nikaifungua saa mgongo nyuma ya meza ya keki, nikaisogeza kidogo, nikafunga. Mkaimba, nikalia, mkanipandisha gari. Nilifika nyumbani Kariakoo saa nane, nikamwaga mkoba kitandani kutafuta miwani. Bisibisi kumi na moja ikaangukia kwenye shuka.

Nilikaa sakafuni. Ndege ya Mafia huondoka saa saba na nusu. Nikampigia Neema, fundi niliyemwachia meza yangu.

"Mama, shikamoo. Mimi hapa nilikuwa nakupigia, simu yako inatumika."

"Marahaba. Neema, sikiliza, usinikatize. Mimi nime..."

"Bisibisi kumi na moja?"

"Ndege iko wapi?"

"Ipo hapahapa. Abiria wamechachamaa, kapteni kanuna, meneja ananifokea tangu saa saba na nusu. Tumeshafungua mifuniko yote, hatujaiona. Sasa nikasema, ngoja nimuulize Mama."

"Hamkuona bisibisi nyingine ya saizi hiyo mkaitundika?"

"Ziko tatu kwenye droo, Mama. Ila si ile." Nyuma yake nilisikia mtu akipiga kelele, naye akamgeukia akajibu bila kupandisha sauti: "Nafasi iko tupu, bosi. Haiendi."

Nilipanda bodaboda kutoka Kariakoo mpaka uwanjani nimeshika bisibisi kwa mikono miwili, na dereva akaniomba mara mbili nimshike yeye. Neema alinipokea mlangoni, hakucheka, hakuniuliza kitu. Aliitundika mwenyewe kwenye umbo lake jeupe, akarudi nyuma hatua moja, akaita kwa sauti ya hanga nzima, "Bisibisi kumi na moja!" Wote mkanigeukia, nikajibu mimi.

"Ipo."